Maongezi tu yanamsaidiaje mtu mwenye bodalaini?

Ndugu wa mgonjwa huwa hajakaa hata vizuri kwenye kiti ashaniuliza, sasa daktari, hayo maongezi tu ndo yatamponesha? Namwambia yanasaidia, na ndo tiba ya kwanza kabisa kwa bodalaini (borderline personality disorder, tatizo la haiba linalofanya hisia na mahusiano ya mtu yayumbe sana), maana dawa ya ugonjwa wenyewe hamna, vidonge anavyopewa ni vya mambo mengine kama dipresheni.

Inayosikika sana ni DBT (dialectical behavior therapy), tiba ya maongezi inayomfundisha mtu mbinu za kuhimili hisia kali, ya mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani. Utafiti wake wa 1991 ulionyesha waliopata DBT mwaka mzima walijidhuru mara chache na kulazwa siku chache kuliko waliopata huduma ya kawaida, ila kwenye dipresheni na kukata tamaa hawakupishana (hiki kipande watu wanakirukaga). Halafu 2009 kule Toronto, watu 180, wakailinganisha na matibabu ya kisaikiatria yaliyopangwa vizuri, pande zote mbili zikapata nafuu, tofauti hamna. Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, nao 2020 wakajumlisha majaribio 75 ya tiba za maongezi kwa bodalaini: dalili zinapungua kweli, kwa kiasi, na hamna tiba iliyoziacha mbali zingine.

Sasa tunaongea nini humo ndani? Chukulia mtu kaja anasema nimejikata, sijui hata kwa nini. Tunarudi nyuma dakika kwa dakika. Saa tatu usiku alituma meseji, ikasomwa, kimya. Akawaza ashanichoka huyu, kifua kikabana, akarekodi matusi akatuma, akayasikiliza mwenyewe, aibu ikamshika, na kumbe ni ile aibu ndo ilimfikisha kwenye kujikata, wala sio meseji kutojibiwa. Basi tunatafuta pa kuukata huo mnyororo, mfano pale kifua kinapobana aloweke uso kwenye maji baridi, au anipigie. Apige kabla lakini, kwa sababu kwenye DBT ukishajidhuru simu za mafunzo, zile za kumpigia mtabibu akuelekeze utumie mbinu gani, zinasimama saa 24, labda kama maisha yako hatarini. Mwanzoni niliona ni ukatili, mpaka nilipoanza kupigiwa mapema.

Kujidhuru ndo kunatanguliaga kupungua. Utupu, hasira na hofu ya kuachwa vinachelewa, kwa hiyo unakuta mtu miezi minane hajajikata, nyumbani wanasema kapona aache kuja, na yeye wiki hiyohiyo kaniambia ndani bado kweupe, hamna kitu.