Je, wajua? Mbona mjusi kafiri haungui juu ya tyubu

Ingia duka lolote la leso pale Biashara Street, Mombasa, magharibi ikishaingia, uinue macho. Taa ya tyubu ya futi nne, ncha zake zimeshika weusi, na ubavuni mjusi kafiri amejibandika kwenye kioo akivizia vidudu. Upande wa pili wa kioo hicho mna plazma, yaani gesi iliyong'olewa baadhi ya elektroni zake (zile chembe ndogo za umeme), na elektroni hizo zina joto la nyuzi 10,000 na ushei za Selsiasi. Uso wa jua una 5,500 hivi. Mjusi hana habari.

Wengi hukimbilia kusema kwamba kioo ndicho kinachozuia. La. Kioo chembamba vile kingekutana na moto wa aina hiyo kingeyeyuka siku ileile taa ilipofungwa. Wengine husema basi hiyo si plazma ya kweli, ni gesi inayong'aa tu. Nalo si kweli: ni plazma halali, na imesomwa maabara kwa miaka mingi kuliko nyingi nyingine.

Utata unaanzia kwenye ile ngazi tuliyokaririshwa: pasha barafu upate maji, pasha maji upate mvuke, zidi kupasha upate plazma. Ngazi si uongo, ila humwachia mtu imani kwamba plazma lazima iunguze. Kinachoigeuza gesi kuwa plazma si moto wenyewe. Ni kwamba baadhi ya atomu zimenyang'anywa elektroni, na elektroni hizo zinazurura huru. Moto mkali unaweza kuzinyang'anya, na umeme pia unaweza. Ndani ya tyubu ni kazi ya umeme: unasukuma elektroni chache zilizo huru, zinashika kasi, zinagonga atomu na kung'oa nyingine. Si lazima ziwe nyingi. Kwenye tyubu hazifiki hata moja kwa kila atomu laki moja. (Mwali wa jiko la gesi nao una elektroni huru, lakini chache mno, na wanafizikia hawajakubaliana mstari upigwe wapi. Anayekuambia moto wowote ni plazma amerahisisha mambo.)

Sasa ajabu yenyewe: plazma ya namna hii ina halijoto mbili kwa wakati mmoja. Elektroni zina yake, atomu zina yake.

Chukua gololi ya gramu 5 uivurumishe kwenye tuktuk iliyoegeshwa. Tuktuk tupu ina kilo 350 hivi. Atomu ya agoni, gesi iliyojaa ndani ya tyubu, ni nzito kuliko elektroni mara 73,000 hivi, karibu sawa na tuktuk mbele ya gololi. Gololi itaruka kurudi kwa kasi karibu ileile uliyoitupia, tuktuk haitikisiki. Tupa nyingine, na nyingine. Utabaki na gololi zinazoruka huku na huku kama wazimu, na tuktuk zimetulia. Na kwa kuwa halijoto ni kipimo cha mwendo huo wa chembe, gololi ni za moto na tuktuk ni za baridi, zote uwanja mmoja. Atomu za zebaki, zilizomo kwa uchache, ni nzito zaidi: mara 366,000 hivi. Hizo tuseme ni matatu.

Katika mgongano kama huo elektroni, kwa wastani, hutoa chini ya sehemu moja ya elfu thelathini ya nishati yake. Haba na haba hujaza kibaba, utasema. Kweli, lakini kibaba hiki kinavuja: gesi ya ndani haifiki asilimia 1 ya shinikizo la hewa ya nje, na joto lolote inalopata hupita kwenye kioo likatoka. Kioo hubaki nyuzi 40 na kitu. Ncha zenye weusi, ambamo mna waya unaowaka, ndizo za kuogopa.

Mara nyingine elektroni hugonga atomu ya zebaki kwa nguvu ya kutosha, nayo ikaimeza nishati hiyo, kisha ikaitema kama mwanga wa urujuanimno ambao unga mweupe wa kioo huugeuza ukaonekana. Mfano wetu unaishia hapo, maana tuktuk ikigongwa haitoi mwanga.

Mwone naye fundi anayechomelea geti. Pale pia ni umeme na elektroni, lakini hewa ina shinikizo lake kamili, atomu zimesongamana, migongano haina hesabu. Gololi na tuktuk hufikia halijoto inayokaribiana, maelfu ya nyuzi, na chuma huyeyuka. Radi hufika nyuzi 30,000 hivi kwa sababu hiyohiyo.

Huko angani plazma huweza kukosa kuunguza kwa sababu nyingine kidogo. Korona ya jua, yaani tabaka la gesi la nje kabisa linalolizunguka, inazidi nyuzi milioni 1, na chembe zake zote ni za moto, ila zimetawanyika mno. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo cha NASA kiitwacho Parker kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua, na ngao yake ilikadiriwa kufika nyuzi 980 tu, nyingi kati ya hizo zikitokana na mwanga wa jua na si plazma. Kwa nini korona ina joto kuliko uso wenyewe, wanasayansi bado wanabishana.

Tyubu nazo zinaondoka. Taa za LED hazina plazma ndani, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kukomesha utengenezaji wa tyubu ifikapo 2027, kwa sababu ya zebaki. Ni miligramu chache tu, lakini yako ikivunjika fungua madirisha, usifagie. Okota vipande kwa karatasi ngumu.