"Kuongeza breki" siyo kukaza pedali

Wiki iliyopita hapa Moshi nilikuwa gereji nikisubiri gari langu. Kijana mwenye pikapu akamwita mwenzake: "Nimeongeza breki, njoo ujaribu." Mwenzake akapanda, akakanyaga pedali mara mbili gari likiwa limezimwa, akashuka ameridhika. "Duh, kali." Gari halikusogea hata hatua moja, lakini breki zilishapimwa na hukumu ilishatoka.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Na kwa kuwa pikapu hizo ndizo zinazoshusha ndizi, mbao na watu kutoka juu mlimani, naona ni vizuri tuelewane yanamaanisha nini.

Kuongeza breki ni kuliwezesha gari lenye uzito uleule kusimama kwa umbali mfupi zaidi, au kusimama mara nyingi mfululizo bila breki kuchoka. Basi. Mengine yote ni matengenezo. Matengenezo ni kitu kizuri, mara nyingi ndiyo yanayohitajika, ila yana jina lake.

Nadhani kosa linaanzia kwenye lugha. "Breki" tumeichukua kwa Waingereza. Wajerumani walituachia shule, lakini Bremse yao haikukaa midomoni mwetu. Neno lilipofika tulilitafutia vitenzi vya nyumbani: tunakanyaga breki, tunashika breki, tunafunga breki. Vitenzi vyote vitatu ni vya mguu na mkono, vya nguvu ya kuzuia kitu kisiende. Hakuna hata kimoja kinachogusa joto, wakati kazi ya breki tangu mwanzo hadi mwisho ni joto: inachukua mwendo wa gari, inaugeuza kuwa moto, inautupa hewani.

"Kufunga" nako kuna utata wake. Fundi akisema "nimefunga breki mpya" ameziweka kwenye gari. Dereva akisema "nilifunga breki" alisimama ghafla. Mteja akiambiwa "nimekufungia breki kali" anabeba maana zote mbili hadi nyumbani: kwamba kimewekwa kitu kipya, na kwamba gari litasimama papo hapo. La kwanza ni kweli. La pili halijathibitishwa.

Juu ya hayo tukaongeza "ongeza", ambalo ni neno la jikoni na dukani. Unaongeza chumvi, unaongeza maji, unaongeza hela kidogo muuzaji akubali. Kilichoongezwa unakiona au unakionja. Breki haionjwi. Kitu pekee ambacho mguu wa dereva unakihisi ni pedali, kwa hiyo pedali ndiyo tunayoipima, na ikiwa fupi na ngumu tunasema breki zimeongezeka.

Chukua mfano wa masta silinda, yaani pampu yenye pistoni inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu ukikanyaga pedali, maana ndio unaoniuma zaidi. Kijana anatoa masta silinda yenye kipenyo cha inchi 7/8, anaweka ya gari kubwa yenye inchi 1. Pedali inakuwa fupi, ngumu, inagomea juu. Kila mtu anasifu. Sasa piga hesabu. Eneo la pistoni limekua kwa karibu asilimia 31, na shinikizo ni nguvu ya mguu ikigawanywa kwa eneo hilo. Kwa mguu uleule, shinikizo linaloyafikia magurudumu limepungua kwa zaidi ya asilimia 23. Amelipa fedha kupunguza breki, na ugumu anaousikia mguuni ndio upungufu wenyewe.

Kuhusu joto, nilifundishwa na barabara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nateremka kutoka Marangu na shehena ya ndizi, mguu juu ya breki muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Harufu ilitangulia, kali kama mpira ulioungua. Nikakanyaga, pedali ikagoma juu, ngumu kama jiwe, na gari likaendelea kwenda. Gia ya pili na kichaka cha kahawa kando ya barabara ndivyo vilivyonisimamisha. Nilimwagia gurudumu la mbele maji kidogo ya kunywa (sikujua kuwa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ikiwa ya moto na kupigwa na maji inaweza kupinda au kupasuka), yakatoa sauti ya "tssss" na kukauka kabla hayajafika chini.

Fundi wa kwanza akasema breki zimefeli, akatoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Akatoa tena siku ya pili. Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Arusha, na kabla hajagusa spana aliniuliza swali moja:

"Mwanangu, pedali ilizama au iligoma?"

"Iligoma, mzee."

"Sasa upepo mnautafuta wa nini?"

"Breki zimefeli" ni kapu moja ambamo tumetupia magonjwa mawili tofauti, kama mtihani: umefeli, hakuna anayeuliza swali lipi. Pedali ikizama hadi chini, mara nyingi tatizo liko kwenye mafuta ya breki: yanavuja, yana upepo, au yamechemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 kwa mapya na 155 kwa yaliyonyonya. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unabonyeza mvuke badala ya pistoni. Pedali ikigoma juu na gari halisimami, mafuta ni mazima. Mara nyingi hapo ni pedi, vile vipande vinavyoibana diski, zilizoungua uso, zimekuwa laini na kung'aa, zinateleza kwenye diski. Bado inaweza kuwa busta, kifaa kinachousaidia mguu wako, iliyokosa nguvu ya injini, lakini ile harufu yangu ilikwisha kusema ni lipi.

Nani atashangaa pedi kuungua akijua zinabeba nini? Pikapu yenye uzito wa tani 2.5 pamoja na mzigo, ikishuka kimo cha mita 500, na miteremko ya namna hiyo huku kwetu ni mingi, inaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita 36 hivi za maji kutoka nyuzi 20. Usiposhuka na gia injini ikasaidia kulishika gari, sehemu kubwa ya moto huo inaingia kwenye vipande vya chuma visivyozidi ukubwa wa sahani. Hapo ndipo breki huongezwa au kupunguzwa, kwenye moto. Kukanyaga pedali gari limesimama gereji hakukuambii chochote kuhusu moto.

Na tairi. Kama breki zako zinaweza kuyafunga magurudumu yote manne yasizunguke kwenye lami kavu ukiwa na mzigo, nguvu ya kushika unayo tayari. Kinachobaki ni jinsi tairi linavyoishika barabara, na tairi kipara halisaidiwi na diski ya aina yoyote. Wanaoweka tairi kubwa ili pikapu inyanyuke wajue kuwa tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 10, breki zinahitaji nguvu asilimia 10 zaidi kufanya kazi ileile ya jana.

Kuna jambo la pikapu ambalo karibu kila anayeongeza pleti za springi (vyuma bapa vya kuimarisha springi za nyuma) analisahau. Nyingi zina vali yenye fimbo inayounganisha ekseli ya nyuma na fremu. Gari likilemewa, nyuma inashuka, fimbo inasogea, vali inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Ukiongeza pleti, nyuma haishuki tena kama zamani. Vali inadhani gari ni tupu. Umebeba gunia 20 za viazi, na breki za mbele zinafanya kazi karibu peke yao. Fimbo hiyo inarekebishwa, na kazi yake haichukui muda mrefu, ila lazima fundi aambiwe kuwa springi ziliongezwa.

Mwenye fedha kidogo aanzie kwenye mafuta, ayabadilishe yote, siyo kujazia. Siku ile mzee alichomeka mpira mweupe kwenye nati ya kutolea upepo, nikakanyaga, na yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Akaendelea hadi yakatoka yenye rangi ya asali nyepesi. Kisha akakagua mipira inayopitisha mafuta ya breki, maana ya zamani huvimba ukikanyaga na kula nguvu yako, akasafisha pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, na kuzipaka grisi inayofaa mpira (grisi ya kawaida huuharibu), akakaza shuu za nyuma, zile zinazotanuka kuishika ngoma ya gurudumu kwa ndani, zilizokuwa mbali nayo. Mwisho akaweka pedi nzuri kwenye diski zilezile. Hakuweka diski yenye matundu wala kitu cha kuonyesha watu. Tangu hapo nashuka na ndizi zilezile, barabara ileile, kwa gia, na harufu ile sijaisikia tena.

Sasa yule kijana wa gereji. Nilipomuuliza alichofanya, alikuwa amebadilisha pedi na kutoa upepo. Ni kazi nzuri na ilikuwa inahitajika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapo umerudisha breki ulizokuwa nazo gari likiwa jipya. Siku ukibeba mzigo kamili, ukashuka mlima mzima, ukasimama mara ya kumi kwa umbali uleule wa mara ya kwanza, njoo uniambie umeongeza." Akafikiri kidogo, akaniuliza kama na fimbo ya nyuma inahusika, kwa sababu mwezi uliopita aliongeza pleti mbili. Tukalala chini ya gari kuiangalia.