Baka la tumboni limetolewa lote, mbona bado kamera kila mwaka?

"Si mlisema mmelitoa lote?" Hakuna swali ninalolisikia kliniki kuliko hili, kutoka kwa watu waliotolewa baka la displasia (seli zilizoanza kuharibika ila bado si saratani) tumboni kwa kamera, kisha wakapewa tarehe ya kuumeza tena mpira wenye kamera hiyo. Ni kweli, limetoka lote. Na ni kweli pia kwamba mwaka kesho lazima tuangalie tena. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu mambo matatu tofauti yanaitwa kurudi kwa ugonjwa. La kwanza ni baka lile lile kuota upya pembezoni mwa kovu. La pili ni baka jingine lililokuwepo tangu siku ile ya matibabu, ila jicho la daktari lililipita. La tatu ni baka jipya kabisa, sehemu nyingine ya tumbo. Kila moja lina chanzo chake, na ufundi unaozuia la kwanza hausaidii chochote kwa la tatu.

Displasia haianzi yenyewe. Kwa wengi safari huanza na bakteria Helicobacter pylori, anayeingia utotoni na kukaa miaka mingi. Utando wa ndani ya tumbo unavimba, tezi zinazotengeneza asidi zinanyauka, kisha mahali pake panaota seli zinazofanana na za utumbo, hali tunayoiita metaplasia. Kwenye utando huo ulioharibika ndipo displasia hujitokeza: seli zimepoteza mpangilio, lakini bado zimebaki ndani ya tezi zao. Zikivunja mipaka hiyo, tayari ni saratani. Displasia ya daraja la chini huenda polepole, na mingine haiendi popote. Ya daraja la juu ni jirani wa karibu sana wa saratani, na haifai kuachwa.

Hapa kuna mtego. Kinyama kinachochukuliwa kwa biopsi ni cha milimita chache tu, ilhali baka linaweza kuwa na upana wa sentimita mbili. Takriban robo ya mabaka ambayo biopsi iliyasema ni ya daraja la chini hupandishwa daraja yakishatolewa mazima na kuchunguzwa, na machache kati yake hukutwa ni saratani tayari. Ndiyo maana baka linaloonekana wazi kwa macho, likiwa na jibu la displasia ya daraja lolote, mimi hushauri litolewe badala ya kuendelea kudonolewa. Tena kudonoa kuna gharama yake: kila biopsi huacha kovu dogo chini ya utando, na kovu hilo ndilo litakalomsumbua mtu wa kulitoa. Kinyama kimoja au viwili kutoka sehemu inayotia shaka zaidi vinatosha.

Kuona kwanza, kukata baadaye

Kurudi kwa aina ya pili kunazuiwa kabla ya kisu kugusa kitu. Tumbo lenye mapovu na ute halionyeshi baka bapa, hivyo mgonjwa hunyweshwa maji yenye simethikoni, dawa ya kuvunja mapovu, na ikiwezekana dawa ya kuyeyusha ute, muda mfupi kabla ya kipimo. Tumbo hupulizwa hewa mpaka mikunjo ifunguke, kisha hukaguliwa kwa mpangilio ule ule kila mara, picha zikipigwa kila kona. Dakika saba za kuangalia si anasa. Mahali panaporukwa zaidi ni ukuta wa nyuma wa sehemu ya juu ya mwili wa tumbo, pale kamera inapopita kwa kuteleza, na eneo la chini kidogo ya mlango wa umio, ambalo halionekani bila kuipinda kamera ijitazame yenyewe. Mwanga maalumu wa bluu na kijani huonyesha mishipa midogo na mistari ya tezi. Baka la displasia mara nyingi huwa na mpaka unaofuatika kwa macho, na ndani ya mpaka huo mchoro wa tezi haufanani na wa jirani zake.

Kosa linalotokea sana ni hili: daktari akishapata baka moja, anaridhika. Tumbo lililozaa baka moja lina haki ya kuzaa la pili, na ukaguzi wa tumbo zima unatakiwa kukamilika kabla ya kushika kisu.

Namna linavyotolewa

Kuna njia mbili kuu. Ya kitanzi hufaa mabaka madogo, yasiyozidi takriban milimita 10 hadi 15, yasiyo na dalili za saratani. Kimiminika hudungwa chini ya utando, baka linainuka, linavutwa ndani ya kikofia cha plastiki kwenye ncha ya kamera au linafungwa kwa mpira mdogo, kisha waya wa kitanzi unalikata kwa umeme. Kazi ni ya dakika chache. Tatizo huja baka likiwa pana kuliko kitanzi: litakatwa vipande, na kati ya kipande na kipande ni rahisi kubakiza ukanda mwembamba usioonekana. Hapo ndipo kurudi kwa aina ya kwanza kunapozaliwa.

Njia ya pili ni kuchuna tabaka la chini ya utando kwa kisu cha umeme, ufundi uliokomazwa Japani tangu miaka ya 1990. Kwanza mipaka ya baka huwekewa alama, vidoti vidogo vya kuunguza, nje ya ukingo kwa milimita 5 hivi. Vidoti haviwekwi juu ya baka lenyewe, kwa sababu vitaharibu kingo ambazo mwanapatholojia, daktari anayepima kipande kwa hadubini, atazihitaji. Kisha unadungwa mchanganyiko wa kimiminika, rangi ya bluu na adrenalini kidogo. Maji ya chumvi hutawanyika ndani ya dakika chache. Asidi ya haironiki, kimiminika kizito zaidi, hukaa muda mrefu, na kwa kazi ndefu ndiyo inayookoa muda. Utando huvimba kama lengelenge. Sehemu isipoinuka, simama ufikiri: ama kuna kovu la biopsi za zamani, ama ugonjwa umeshachimba chini.

Baada ya hapo utando hukatwa kuzunguka nje ya vidoti, kisha kazi halisi inaanza: kuingia chini ya baka na kukata nyuzi za tabaka la bluu, milimita kwa milimita, kisu kikilala sambamba na msuli. Rangi ndiyo ramani. Bluu ni mahali salama pa kukata. Weupe wenye mistari ni msuli. Wekundu unaopita katikati ya bluu ni mshipa wa damu, nao huunguzwa kabla ya kukatwa. Mtu akikata haraka bila kuongeza kimiminika, bluu inapotea, msuli unasogea juu, na tumbo linatoboka. Tundu dogo lililoonekana papo hapo hufungwa kwa klipu na mara nyingi upasuaji hauhitajiki. La hatari zaidi ni msuli uliounguzwa kupita kiasi, ambao hauonyeshi chochote siku hiyo, ukaja kutoboka baada ya siku moja au mbili, na maumivu makali na homa.

Kuvuja damu ndiyo shida ya kawaida zaidi baada ya kazi, takriban mtu mmoja kati ya 20, na inaweza kutokea hata wiki mbili baadaye. Walio kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, wanaosafishwa figo kwa mashine, na waliotolewa kipande kikubwa ndio wenye hatari zaidi. Choo cheusi kama lami, kizunguzungu au kutapika damu ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo. Kidonda kinachobaki hupona kwa takriban wiki nane, mgonjwa akiwa kwenye dawa za kupunguza asidi kama omeprazo. Baka likiwa karibu na mlango wa juu au wa chini wa tumbo, na zaidi ya robo tatu ya mzunguko ikachunwa, kovu linaweza kuubana mlango, na puto la kutanulia huhitajika mapema.

Kipande mezani

Kipande kikishatoka hujikunja ndani ya dakika chache. Kinatakiwa kutandazwa mara moja kwenye ubao laini, uso wa utando ukiwa juu, kivutwe taratibu, kipigwe pini kuzunguka kingo, kiandikwe upande upi ulielekea wapi, ndipo kizamishwe kwenye fomalini ya asilimia 10. Maabara hukikata vipande vya milimita 2. Kipande kilichotupwa chupani bila kutandazwa hujikunja, kingo zake hazisomeki, na ufundi wote wa saa mbili unaishia kwenye ripoti inayosema "kingo haziwezi kutathminiwa."

Ripoti nzuri inajibu haya: daraja la juu kabisa la ugonjwa lililoonekana, kingo za pembeni ni safi au la, ukingo wa chini ni safi au la, na kama ni saratani, imechimba kina gani na imeingia mishipa ya damu au ya limfu au la. Ukingo wa chini ukiwa na saratani, au mishipa ikiwa imevamiwa, mazungumzo yanahamia kwenye upasuaji, kwa sababu tezi za limfu zinaweza kuwa zimefikiwa. Ukingo wa pembeni pekee ukiwa na shaka, wala hakuna haja ya kukimbilia kukata tumbo: kamera baada ya miezi mitatu hivi, kovu lichunguzwe kwa makini, na kilichobaki kitolewe. Kukichuna kwenye kovu ni kugumu, tabaka la bluu haliinuki vizuri tena. Kukiunguza kwa gesi ya agoni ni rahisi zaidi, ila hakuachi kipande cha kupima.

Tahadhari moja kuhusu makovu, hasa ya sehemu ya chini ya tumbo: wakati mwingine hupona na kuacha kinundu cha nyama kinachotisha kwa macho. Biopsi ikionyesha ni utando unaojijenga tu, kiachwe.

Aina ya tatu

Baka likishatoka kipande kimoja na kingo safi, ni nadra sana lirudi pale pale. Hatari inayobaki ni ya tumbo lenyewe. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watu 544 waliotolewa saratani changa kwa kamera. Ndani ya miaka mitatu saratani mpya ilijitokeza kwa watu 9 kati ya 272 waliopewa dawa za kumuua bakteria, na 24 kati ya 272 ambao hawakupewa. Wa Korea Kusini, wa mwaka 2018, ulijumuisha pia watu wenye adenoma (mabaka ya displasia) za daraja la juu, na baada ya takriban miaka sita uliona asilimia 7.2 dhidi ya 13.4. Dawa hupunguza hatari kama nusu. Nusu nyingine inabaki, kwa sababu utando ulionyauka miaka mingi haurudi wote kuwa mpya.

Tiba ya siku 14 yenye bismathi, dawa ya asidi na antibayotiki mbili hushindwa hasa mgonjwa anaporuka dozi. Kipimo cha kuhakikisha, cha pumzi au cha choo, hufanywa angalau wiki nne baada ya antibayotiki kwisha na wiki mbili baada ya kuacha omeprazo. Mapema zaidi ya hapo kinaweza kusema hakuna bakteria ilhali yupo. Kwa kuwa omeprazo inahitajika kuponya kidonda, kipimo hicho kwa kawaida huangukia mwezi wa tatu hivi, sambamba na kamera ya kwanza. Baada ya hapo ni kila mwaka. Mwenye metaplasia iliyosambaa hadi mwili wa tumbo asiongezewe nafasi kati ya vipimo, hata bakteria akiwa ameondoka. Anayevuta sigara aache.

Bakteria akishatoweka, mabaka mapya huwa magumu zaidi kuonekana. Baadhi hufunikwa na utando unaofanana na wa kawaida, huwa bapa au yenye kibonde kidogo chekundu, na mpaka wake haueleweki. Kwa hiyo mgonjwa anayehama hospitali abebe ripoti ya patholojia, picha za mahali kovu lilipo na jibu la kipimo cha bakteria, ili anayeshika kamera mwakani ajue anatafuta nini na aanzie wapi.