Neno *korljь la Kislavi cha awali limetoka wapi?

Ukifungua kamusi za asili ya maneno za lugha za Kislavi utakutana na *korljь, maana yake mfalme, na hiyo nyota mbele inakuambia kwamba hakuna aliyewahi kulikuta neno hili limeandikwa hivyo popote. Ni la Kislavi cha awali, yaani lugha mama iliyozaa lugha zote za Kislavi, na wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha za leo: Warusi wanasema korol', Wapolandi król, Wacheki král, Waserbia kralj.

Wengi wanakubali kwamba mwanzo lilikuwa jina la mtu, Karl, yaani Karolo Mkuu mfalme wa Wafranki, yule aliyevishwa taji la ukaisari kule Roma siku ya Krismasi mwaka 800 akafariki 814. Waslavi wa magharibi walipakana naye, wengine alipigana nao na wengine walikuwa upande wake, kwahiyo kwao Karl ndo alikuwa mtawala hasa, na baadae kila mfalme akaitwa hivyo hivyo. Hata Kaisari tunayemsoma kwenye Biblia alianzia kwa Julius Caesar, jina lake likageuka cheo, na huko huko ndo ilikotoka tsar ya Warusi.

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni ushahidi wenyewe. Kislavi cha awali kilikuwa na maneno yenye -or- katikati ya konsonanti, halafu kila tawi likaja kuyabadilisha kivyake. Chukua ng'ombe, *korva: Kirusi korova, Kipolandi krowa, Kicheki kráva, Kiserbia krava. Sasa rudi kwa mfalme uangalie: korol', król, král, kralj, mpangilio ule ule kabisa! Lingeingia baada ya mabadiliko hayo kwisha lisingeyapitia, kwahiyo liliingia kabla, na kwa vile tunajua Karolo aliishi lini, tunapata tarehe: kwenye miaka ya 800 mwanzoni Waslavi toka Baltiki hadi Balkani bado walikuwa na lugha iliyokaribiana sana. Kwa lugha ambayo haikuandikwa, kupata tarehe namna hiyo ni bahati kubwa mno.

Wapo wanaobisha, wanasema limetokana na karl ya Kijerumani cha kale, yenye maana ya mwanamume, lakini kutoka mwanamume wa kawaida mpaka mfalme naona ni mbali sana.

Kwa Waslavi nako halikuishia, Wahungaria walilichukua likawa király, na Waturuki wanasema kral mpaka leo.