Je, wajua kwa nini miguu huzama unapoogelea mtindo huru, ule wa kulala kifudifudi na kuzungusha mikono kwa zamu?

Septemba 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 mtindo huru akiwa peke yake bwawani. Wenzake wawili wa mchujo ule walikuwa wameondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya hapo. Nusu ya kwanza alikwenda vizuri kiasi. Nusu ya pili mikono ilizunguka na mwili hausogei, hata baadhi ya watazamaji wakahofu kwamba hafiki. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Katika mashindano hayohayo, Mholanzi Pieter van den Hoogenband alitumia sekunde 47.84.

Wengi wetu tunamjua Moussambani wa zile mita za mwisho, maana ndiye sisi. Na tukichoka hivyo tunalaumu pumzi au misuli, wakati shida kubwa iko nyuma yetu: miguu imeshuka.

Inashuka kwa sababu ya mapafu. Kifua kimejaa hewa, basi maji hukisukuma juu. Uzito wa mwili nao umekaa chini zaidi, karibu na nyonga. Kifua kinapanda, nyonga zinashuka, nawe unakwenda kama mtumbwi uliopakiwa mzigo wote nyuma. Wanaume wembamba wenye mapaja ya misuli huzama miguu zaidi. Wanawake wengi wana nafuu kidogo, kwa kuwa mafuta ya nyonga na mapaja huelea.

Mwili ukilala mshazari, maji hayapambani na utosi na mabega tu, yanapambana na tumbo na mapaja pia. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ukitaka kuongeza kasi mara mbili, ukinzani wake unaongezeka kama mara nne. Ndiyo maana kijana wa mazoezi ya vyuma anaweza kupitwa bwawani na mama wa makamo asiye na haraka.

Marekebisho huanzia kichwani. Kichwa kina kilo nne hadi tano, na ukikiinua kutazama mbele, nyonga zinazama papo hapo. Tazama vigae vya chini. Wakati wa kuvuta hewa usiinue uso. Geuka pamoja na bega, jicho moja libaki majini. Kichwa kinachosonga huchimba kibonde kidogo cha maji kando ya mdomo, na hewa unaipata humo.

Pumzi ndiyo huwashinda wengi. Wanaoanza huibana, wakitoa uso inabidi watoe hewa na kuingiza nyingine kwa nusu sekunde. Kile kiherehere cha kutaka kupumua huletwa hasa na kabonidioksidi iliyojikusanya mwilini, hata kama oksijeni bado ipo. Toa hewa puani taratibu uso ukiwa ndani ya maji, na hofu nyingi itapungua.

Mkono nao unaweza kukuharibia yote hayo. Ukiukandamiza chini ukiwa umenyooka, unainua kifua na miguu inarudi kuzama. Kunja kiwiko kibaki juu, vidole vielekee chini, kiganja na kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja) kwa pamoja visukume maji nyuma. Miguu ipige kutoka nyongani, kwa mapigo mafupi, vidole vimenyooshwa. Ukikunja magoti kama mwendesha baiskeli unajifungia breki. Na usijaribu kuinua miguu kwa kuipiga kwa nguvu: misuli ya mapaja ni mikubwa, inakula oksijeni yote halafu haikulipi.

Waliojifunza Zanzibar au Mombasa watasema hawajawahi kuona shida hii. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, ni mazito kuliko ya bwawa kwa asilimia 2.5 hivi, nayo hubeba miguu vizuri zaidi. Lakini bahari haina mstari mweusi wa kukuongoza chini. Huko, kila baada ya mikono sita au minane, inua macho tu juu ya maji kama mamba, uone unakoelekea, kisha geuza uso kando ndipo uvute hewa.