Josephus alisema nini hasa? Madai ya watetezi wa imani na ushahidi wake

Dhana: Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, alikiri kwamba Yesu ni Kristo.

Ukweli: Sentensi hiyo imo kweli katika kitabu cha 18 cha historia yake ya Wayahudi, iliyokamilika mwaka 93 au 94. Lakini Josephus hakuwahi kuwa Mkristo, na Origen, mwanateolojia Mkristo aliyemsoma katika karne ya 3, anasema waziwazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Angesemaje hivyo kama sentensi ile ilikuwa mbele ya macho yake? Wataalamu wengi wanaona Josephus aliandika habari fupi za Yesu, kisha wanakili Wakristo wakaongeza maneno yao. Inaniuma sana kuona inahubiriwa bila tahadhari, maana kitabu cha 20 kina mstari ulio imara zaidi: Yakobo, nduguye Yesu “aitwaye Kristo”. Aitwaye. Hivyo ndivyo anavyosema mtu asiyeamini, na hapo ndipo mstari unapopata uzito.

Dhana: Nakala za kale zaidi ya 5,000 za Agano Jipya kwa Kigiriki zinathibitisha kwamba yaliyoandikwa yalitokea.

Ukweli: Nyingi kati ya hizo ni za karne ya 9 na kuendelea. Kipande cha mafunjo kinachotunzwa Manchester, ambacho wengi hukiweka karne ya 2, kinaenea kiganjani: kama sentimita 9 kwa 6, pande zote mbili zikiwa na maneno yaliyokatika ya Pilato akimhoji Yesu katika Yohana 18. Kinashuhudia kwamba Injili hiyo ilisomwa Misri mapema. Pilato alitamka nini siku ile, hakiwezi kusema. Wingi wa nakala hutusaidia kulinganisha maandishi. Ndivyo tunavyojua kwamba Marko 16:9–20 haimo katika Sinaiticus wala Vaticanus, nakala mbili za Biblia za karne ya 4.

Dhana: Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliochagua vitabu vya Biblia.

Ukweli: Hata wapinzani wa imani hukosea. Kanuni zake hazina orodha hiyo. Vitabu 27 vya Agano Jipya vinaonekana katika barua ya Athanasius, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367.

Dhana: Historia inathibitisha kwamba mitume karibu wote waliuawa kwa ajili ya imani.

Ukweli: Kuuawa kwa Yakobo wa Zebedayo kumo katika Matendo 12:2, na habari za Petro na Paulo zina mashahidi wa mapema. Wengine wengi tunawajua kwa simulizi za baadaye sana: Bartholomayo huyohuyo, moja inasema alichunwa ngozi, nyingine kwamba alikatwa kichwa.