Nyonga ya kulia ikiuma, bakora iwe mkono wa kushoto

Wengi wanaokuja kwetu kwenye mazoezi tiba wakichechemea huwa wameshika bakora upande ule ule unaouma. Hawalaumiki, maana hakuna aliyewaeleza msuli wa nyonga unavyofanya kazi.

Weka kiganja ubavuni mwa nyonga ya kulia, chini kidogo ya ukingo wa mfupa, kisha simama kwa mguu wa kulia peke yake. Utahisi nyama inakaza. Huo ni msuli wa kati wa tako, kitaalamu gluteasi midiasi. Huanzia upande wa nje wa mfupa wa nyonga, hushuka na kushika kwenye nundu ya nje, juu ya fupa la paja. Neva yake hutoka chini ya uti wa mgongo, ndiyo maana maradhi ya mgongo nayo huweza kuulegeza.

Msuli huu hupeleka paja nje, lakini kazi yake kubwa ni katika kutembea. Mguu wa kushoto ukiinuka, msuli wa kulia huvuta ili nyonga isilalie kushoto. Kwa kuwa uko karibu na kiungo cha nyonga kuliko uzito unaouzuia, hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi, na kiungo hubeba karibu mara 2.5 hadi 3 ya uzito wa mwili. Ukidhoofika, nyonga ya upande wa pili huanguka kila hatua, dalili aliyoieleza daktari wa Kijerumani Friedrich Trendelenburg mwaka 1895.

Sasa mtazame mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, Zanzibar, anatoka pwani na ndoo ya mwani mbichi mkono wa kushoto, miguu inazama mchangani. Kila mguu wa kushoto ukiinuka, uzito huo unazuiwa na msuli wa kulia. Kama nyonga ya kulia ndiyo inayouma, ndoo ihamie kulia na bakora ishikwe kushoto, ili isaidie kuzuia nyonga isilalie upande huo na msuli wa kulia uvute kidogo. Asiyeshika bakora anaweza kugawa mzigo ndoo mbili.

Nyumbani, lala ubavu juu ya mkeka, upande usiouma chini. Nyoosha mguu wa juu, uinue polepole, vidole vikitazama mbele, si juu. Mara 10 zatosha kuanzia. Maumivu yakizidi, acha.

Aliyeanguka akashindwa kukanyaga, mwenye maumivu ya nyonga pamoja na homa, na mtoto anayechechemea, hao wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo.